Saa Iliyorudi Nyuma

Inspekta aliisoma ripoti mara moja tu, akaikunja, akaitupa mezani. Nusu ukurasa! Mtaalamu wa makao makuu alikuwa amebonyeza kitufe, akaona kompyuta haiwaki, akaandika kwamba diski imefutika kwa uzembe wa fundi aliyeweka mfumo mpya. Sahihi, muhuri, kwaherini.

"Hakuifungua hata kidogo," alisema Inspekta. "Koplo, hebu tazama. Karatasi ya kielelezo tuliyoibandika ubavuni haijachanwa. Mtu analipwa mshahara kwa kazi hii!"

Koplo akatazama. Karatasi ilikuwa nzima kweli. Alimjua mkubwa wake. Kituo kizima kilimwita Kiberiti kwa siri, na mwenyewe alijua, wala hakuwagombeza. Alikuwa na mengine ya kumkasirisha.

La leo lilikuwa limekaa nje, kwenye benchi la korido. Mshonaji nguo, mtu mzima, bandeji kwenye jicho la kulia, mkewe kamshika mkono. Alikwenda kliniki ya macho kutolewa mtoto wa jicho la kushoto. Akatoka amepasuliwa la kulia, lile zima, lile alilotungia uzi kwenye sindano maisha yake yote. Sasa la kulia limekufa na la kushoto lina ukungu wake ule ule. Daktari anasema la kulia ndilo lililokuwa bovu, na faili la mgonjwa linasema hivyo hivyo, faili ambalo daktari huliandika kwa mkono wake mwenyewe. Ushahidi uliobaki ni picha za macho yote mawili, zilizopigwa siku moja kabla ya upasuaji. Picha hizo zilikuwa ndani ya kompyuta hii isiyotaka kuwaka.

Na mkuu wa kituo kashatoa amri. Kompyuta irudishwe kliniki leo mchana, fundi apelekwe mahakamani kwa kuharibu mali. Daktari keshapata fundi mwingine wa kuifuta yote na kuanza upya.

"Aifute!" Inspekta alipiga meza. "Basi tumpelekee na ufagio kabisa, tumsaidie kufagia!"

Mke wa mshonaji alichungulia mlangoni. "Inspekta, mwanangu, usijiumize moyo. Sisi tunaweza kurudi nyumbani. Mume wangu siku hizi anasahausahau. Huenda kweli lilikuwa hilo la kulia. Daktari ni mtu aliyesoma."

"Mama, nenda kakae."

"Nasema tu, mwanangu."

"Nimesikia, mama. Kakae."

Nyuma yake mshonaji aligeuza uso kuelekea ukutani na kubaki hivyo.

* * *

Fundi aliletwa kutoka mahabusu bila viatu na bila adabu. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye mabega ya mbeba mizigo. Alianza kusema kabla hajafika mezani.

"Mmenilaza sakafuni kwa kazi niliyoimaliza vizuri. Viatu vyangu viko wapi?"

"Kaa," alisema Inspekta.

"Nimekaa sana."

"Basi simama. Jumatatu uliweka nini humu?"

"Mfumo mpya, Linux. Mashine ilikuwa imejaa virusi, ukiiwasha unaweza kwenda sokoni ukarudi bado inafikiria. Mpokezi wa kliniki akaniita. Diski nikaigawa vyumba viwili. Kimoja cha mfumo mpya, cha pili cha picha zao. Cha picha sikukigusa."

"Ikakataa kuwaka."

"Nani kasema?"

"Daktari. Anasema alipita akakukuta mbele ya kioo cheusi unakuna kichwa."

Fundi alivuta pumzi kwa nguvu. "Ilikataa, ndiyo. Asubuhi ilikataa. Nikaitibu."

"Ahaa!"

"Ahaa nini? Mashine za rika hili zina njia mbili za kuwaka, ya kizamani na ya kisasa. Mfumo nimeuweka kwa njia ya kisasa, mashine yenyewe imepangwa iwake kwa njia ya kizamani. Inautafuta mfumo, haiuoni. Inakuambia hakuna kitu. Kitu kipo, kimelala humo humo, ila yenyewe inabisha hodi mlango wa jirani. Nikaingia kwenye mipangilio, nikabadilisha njia, ikawaka. Kosa la kawaida, kila fundi limeshamtoa jasho."

"Nani aliona ikiwaka?"

"Mpokezi. Mimi nina desturi yangu, uliza mteja yeyote. Kazi ikiisha nachomoa flashi yangu, nainyanyua juu hivi ionekane, halafu mwenye mashine anazima na kuwasha kwa mkono wake mwenyewe. Mimi sigusi. Wateja wana maneno, bwana! Ilikuwa inawaka kwa flashi yako, ulipoondoka ikafa, nirudishie changu. Nimetukanwa mpaka nikakoma. Siku hizi siondoki mpaka umewasha wewe. Mpokezi akawasha, mimi nikageukia ukutani, akaandika neno lake la siri, akaziona picha zake. Nikaenda zangu jua bado kali."

Inspekta alimtazama. Mwongo angeapa kwamba mashine haikumsumbua hata mara moja. Huyu kakubali ilimsumbua, tena kwa hasira, kama mtu anayedai haki yake.

"Koplo, chomeka umeme."

Feni ikavuma. Kioo kikawaka, kikawa cheusi, ukatokea mstari mmoja mweupe wa Kiingereza kusema kwamba hakuna kifaa cha kuwashia kilichopatikana.

Fundi akasogea. "Maneno yale yale ya asubuhi. Hiyo siyo diski iliyofutwa, afande. Hiyo ni njia. Kuna mtu kaigeuza."

"Tuonyeshe. Kidole kimoja tu. Koplo, mwangalie."

Fundi akazima, akawasha, akagongagonga kitufe kimoja mpaka ukaja ukurasa wa bluu wa mipangilio. Akateremka mpaka kwenye njia ya kuwashia. Ilikuwa ya kizamani.

"Umeona? Mimi niliiacha ya kisasa."

"Naona neno lako kwa neno la daktari. Mahakamani watasikiliza lipi?" Macho ya Inspekta yalikuwa yameshahamia pembeni mwa ukurasa. "Na hii tarehe ni nini?"

Pale juu paliandikwa tarehe tatu Januari, saa tisa alasiri, ya mwaka ambao kliniki ile ilikuwa bado kiwanja cha nyasi. Nje ilikuwa saa nne asubuhi, Alhamisi, mwezi wa nane.

"Saa imerudi nyuma," fundi alinong'ona.

"Saa hairudi nyuma yenyewe. Ile ya gari la doria hurudi mwanzo kila makanika akichomoa betri. Hii nayo ina betri?"

"Ndogo, mviringo, kama kifungo cha koti. Ukiichomoa na umeme umezimwa, mashine inasahau yote uliyoiambia. Njia, saa, kila kitu. Inarudi ilivyotoka kiwandani, na hii ilitoka kiwandani na njia ya kizamani."

"Inasahau na picha?"

"Picha ziko kwenye diski. Betri na diski hawajuani hata kwa salamu."

"Na ukiirudisha betri, saa inaanza kutembea?"

"Inaanza moja Januari, usiku wa manane kamili, inakwenda mbele kama saa nyingine yoyote."

Inspekta akaanza kuhesabu kwa vidole, midomo ikicheza. Koplo naye akahesabu, akapotea, akaacha.

"Imetembea siku mbili na saa kumi na tano," alisema Inspekta. "Turudi nyuma. Alhamisi saa nne. Jumatano. Jumanne saa nne asubuhi. Toa saa kumi na tano." Akakunja kidole cha mwisho. "Jumatatu, saa moja jioni."

"Nilishaondoka zamani!" fundi akapaza sauti.

"Ulishaondoka. Kliniki ilishafungwa. Na Jumatatu ile ile mchana ndipo mimi nilipompigia daktari simu kumwomba picha za mshonaji." Hasira za Inspekta zilikuwa za kelele siku zote. Sasa alisema polepole, na Koplo akarudi nyuma hatua moja. "Ifungueni."

Koplo alichana karatasi, akafungua ubavu wa mashine. Betri ilikuwa mahali pake, inang'aa. Fundi akainama, mikono nyuma.

"Kishikizo hiki ni kigumu, afande. Sisi tunakibinya kwa bisibisi, lazima kibaki na mkwaruzo. Huyu hakukwaruza popote. Kaitoa kama anatoa kibanzi jichoni."

"Au mtoto wa jicho," alisema Koplo.

Wote wawili wakamgeukia. Koplo hakuwa na mazoea ya kusema jambo la maana, akaona haya.

"Lakini kwa nini betri?" Inspekta aliuliza. "Kama alizitaka picha, angechukua nyundo."

"Nyundo ingeonekana. Alitaka kuingia, azifute kimya kimya. Mfumo mpya ukamdai neno la siri, hana. Mitaani watu wanadanganyana kwamba ukitoa betri, neno la siri linafutika. Linafutika lile la ukurasa huu wa bluu tu. La mfumo liko kwenye diski, halisogei hata uimwagie maji. Kwa hiyo betri haikumfungulia kitu. Imemfungia nje."

"Akaona kioo cheusi, akadhani ameua," alisema Inspekta. "Akafurahi. Akakutafuta wewe akubebeshe maiti."

"Mshenzi," alisema fundi.

Inspekta hakumkemea.

* * *

Kliniki ilikuwa na sakafu nyeupe na chati ya herufi ukutani, kubwa juu, ndogo chini. Mpokezi alikuwa mdogo wa mke wa daktari. Alipoiona sare aliangusha kalamu, na Inspekta hakumpa nafasi ya kuiokota.

"Neno la siri unalo wewe peke yako. Jumatatu jioni ulikuwa wapi?"

"Nyumbani."

"Mlinzi wa getini anasema ulirudi."

"Nilirudi... nilifuata mwavuli."

"Mvua haijanyesha mwezi mzima, mwanamke! Usinifanye mtoto mdogo! Ulikuja kumfungulia mtu, au ulikuja kufuta picha mwenyewe?"

"Sijafuta!" Mpokezi akashika mdomo kwa mikono miwili. Kisha akaishusha. "Shemeji ndiye aliyeniita. Alitaka neno la siri. Nikamwambia nimesahau. Akanifukuza niende nyumbani, akabaki yeye."

"Ulikuwa umesahau?"

"Picha zile nilizipiga mimi, Inspekta. Yule mzee nilimkalisha mimi kwenye kiti. Nimesahau nini? Sijasahau kitu."

"Na fundi analala sakafuni, wewe umekaa hapa unajibu simu!"

"Niseme nini mimi? Nalala kwake, wanangu anawalisha yeye. Nikimsema, dada yangu atanitazama vipi?"

Inspekta alikuwa na maneno tayari, makali, akayameza kwa shida. "Chukua mkoba wako," alisema. "Tunakwenda kituoni."

Daktari alitoka chumba cha ndani akijifuta mikono kwa taulo, mrefu, nadhifu, tabasamu tele.

"Inspekta! Mashine yangu iko wapi? Mkuu wako aliniahidi mchana."

"Utaisainia kituoni. Ila kuna jambo limenishinda, Daktari, mimi mambo ya kompyuta siyajui. Yule fundi anasema mwenye neno la siri ni mpokezi wako peke yake. Sasa mtu asiye na neno la siri amefutaje picha? Wakili wake atatuaibisha. Naona bora nimshike mpokezi."

Mpokezi akatoa sauti ndogo. Daktari alicheka.

"Neno la siri linamzuia nani? Unafungua ubavuni, unatoa kile kibetri, neno la siri kwisha. Hata mtoto wa shule anajua. Mshike fundi wako, uache ndugu zangu."

"Kibetri gani?"

"Si kile cha ndani."

"Ripoti haina neno betri. Fundi hakushtakiwa kwa betri. Mimi mwenyewe nimeijua betri leo asubuhi. Wewe imekujiaje?"

Tabasamu lilibaki mdomoni, machoni likaondoka. "Nimesema inawezekana. Natoa mfano."

"Mfano mzuri. Na mshonaji anayesema alikuja kwa jicho la kushoto, yeye naye anatoa mfano?"

"Mzee yule kachoka akili, mkewe mwenyewe anakiri. Mgonjwa hawezi kuniambia mimi jicho lipi. Nani daktari hapa?"

"Wewe," alisema Inspekta. "Twende ukasaini."

Na alikuja, kwa gari lake, kwa sababu aliamini mashine imekufa. Njia ya mwongo ni fupi, lakini mwongo huitembea kifua mbele mpaka mwisho wake.

* * *

Chumba cha vielelezo kilikuwa kidogo, wakajibana. Mshonaji alikalishwa kwenye kiti, mkewe akasimama nyuma yake. Mkuu wa kituo alitia kichwa mlangoni.

"Nilisema irudishwe, sikusema tufanye mkutano."

"Inarudishwa, mkuu. Anaiwasha kwanza, ahakikishe ni yake."

Fundi aliingia kwenye ukurasa wa bluu, akageuza njia kutoka ya kizamani kwenda ya kisasa, akahifadhi, akazima. Halafu akanyanyua mikono yote miwili juu.

"Flashi yangu iko kaunta, mmeifunga wenyewe kwenye bahasha. Mikono yangu hii hapa. Mwenye mashine awashe."

Daktari hakusogea. "Huu ni mchezo gani?"

"Ni desturi yake," alisema Inspekta. "Washa."

"Imeshakufa, mtaalamu wenu ameandika."

"Basi unaogopa nini? Washa!"

Mkuu wa kituo, aliyekuwa anataka kwenda kula, sasa alikuwa ameingia mzima mzima, akaegemea mlango. Daktari akanyoosha kidole chake kirefu, kisafi, akabonyeza.

Feni ikavuma. Kioo kikawa cheusi. Daktari akafungua mdomo kusema, na hapo mistari ikaanza kuteremka, mingi, ya haraka, mstari juu ya mstari. Kikatokea kisanduku cheupe katikati, kinasubiri neno la siri.

"Haya," fundi alisema, akashusha mikono. "Mfu amefufuka."

Wote wakamgeukia mpokezi. Alikuwa ameukumbatia mkoba wake kifuani.

"Shemeji," daktari alisema kwa upole, upole wa kumchoma mtu sindano. "Mfikirie dada yako. Fikiria watoto wale kesho watakula nini."

"Mtishie tena!" Inspekta alifoka. "Mtishie mara nyingine mbele yangu uone!"

Mpokezi alimtazama shemeji yake, kisha akamtazama mzee kwenye kiti, bandeji yake, mikono yake iliyolala mapajani bila kazi. Akasogea kwenye kibodi. Aliandika akikosea, akafuta, akaandika tena.

Chumba cha picha kikafunguka. Akateremka kwenye tarehe, akafika, akabonyeza. Macho mawili yakajaa kioo, kila moja na jina lake chini, kulia na kushoto, na tarehe ya siku moja kabla ya upasuaji.

Fundi aliguna. Koplo alivua kofia, hajui kwa nini.

"Mnaona nini?" aliuliza mshonaji.

Wote walikuwa bado wanakodolea kioo.

"Jamani, nauliza, mnaona nini? Mimi sioni."

Inspekta alichuchumaa mbele ya kiti chake. "Tunaona macho yako, mzee wangu. La kushoto lina ukungu. La kulia..." Akakunja ngumi, akaanza upya. "La kulia ni zima. Jeusi, safi, halina hata doa."

Mshonaji akatikisa kichwa polepole.

"Nilimwambia. Nimelala pale kitandani, taa usoni, nikamwambia, Daktari, siyo hilo. Akanijibu, nani daktari hapa."

"Inspekta," alisema daktari, "naomba tuzungumze pembeni."

"Zungumza hapa hapa, tena kwa sauti. Koplo, pingu. Umfunge mikono hiyo hiyo." Akamgeukia mkuu wa kituo, lakini mkuu wa kituo alikuwa anatazama sakafu. "Na mtu amletee fundi viatu vyake. Sasa hivi!"

Daktari alitolewa. Mpokezi alikaa chini pale pale sakafuni na kulia. Mke wa mshonaji alikuwa bado nyuma ya kiti, mkono begani kwa mumewe, machozi yakimtiririka.

"Baba watoto," alisema. "Kila ulipolisema, mimi nilikuambia umesahau. Mbele za watu nilisema. Nilimwamini yule."

Mshonaji aliutafuta mkono wake kwa kupapasa, akaupata.

"Usilie, mama watoto," alisema. "Hata mimi nilikuwa nimeanza kumwamini."